Winchi ya Nanga Haitaki Waya Mwembamba

Mimi ni fundi umeme wa matrekta huku Soy, karibu na Eldoret, mbali na bahari. Juzi binamu yangu wa Lamu alinipigia simu. Winchi ya umeme aliyoifunga kwenye omo ya mashua inavuta nanga kwa shida, na waya zinaunguza mkono. "Kaka, mota imekufa?" Nikamwuliza betri iko wapi. Iko tezi. Nikajua.

Winchi ya wati 1,000 kwa betri ya volti 12 hula ampea zaidi ya 80. Betri ikiwa mita 8 nyuma, umeme husafiri mita 16, kwenda na kurudi. Waya wa milimita 10 za mraba hupoteza volti 2 na ushei njiani. Wa milimita 35 haupotezi hata volti 1.

Pili, fyuzi ikae karibu na betri. Ikiwekwa kwenye winchi, waya ukichunika katikati hakuna cha kuzuia moto.

Tatu, washa injini, sogeza chombo hadi juu ya nanga, ndipo uvute. Kazi ya winchi ni kuinua nanga, si kukokota mashua.

Amebadilisha waya. Trekta likishika moto shambani, unaruka chini. Baharini utarukia wapi?