Kichaa cha Mbwa: Safari ya Virusi Kutoka Jerahani Hadi Ubongoni

Leo tunajibu swali ambalo wazazi wa hapa Mkomani na Kongowea huuliza: "Sista, mtoto aliumwa na mbwa mguuni, na kidonda kimeshapona. Mbona mwasisitiza sindano?"

Jibu limo ndani ya mishipa ya fahamu. Seli moja ya fahamu yaweza kuanzia karibu na uti wa mgongo hadi kwenye kidole cha mguu, urefu wa kama mita 1 kwa mtu mzima. Ndani yake mna njia nyembamba mfano wa reli. Juu ya njia hizo hutembea protini zinazobeba mizigo, kama hamali wa sokoni. Ziitwazo kinesini hupeleka mizigo kutoka katikati ya seli hadi miishoni. Nyingine, dainini, huirudisha kutoka miishoni hadi katikati. Hamali hawa wakilala, mshipa hudhoofika na kufa.

Sasa, virusi vya kichaa cha mbwa haviwezi kutembea vyenyewe. Huingia jerahani pamoja na mate ya mbwa, vikapenya kwenye ncha ya mshipa wa fahamu. Humo dainini huvibeba kama mzigo wa kawaida hadi uti wa mgongo, kisha vikafika ubongoni. Hata sumu ya pepopunda hupitia njia hiyo hiyo.

Tangu kuumwa hadi dalili kuonekana, mara nyingi hupita miezi 2 hadi 3, ingawa yaweza kuwa wiki 1 au hata mwaka. Jeraha la kichwani au usoni ni la hatari zaidi, kwa kuwa njia ni fupi. Muda huo wote mtu hujiona mzima. Lakini akishaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu kila mara hufa. Chanjo hufaa kabla virusi havijafika ubongoni.

Je, tufanyeje?

Kwanza, osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Msipake pilipili, majivu wala mafuta.

Pili, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa. Aliyeumwa wiki zilizopita naye aje.

Tatu, malizeni sindano zote kwa tarehe mlizopangiwa.

Nne, wapelekeni mbwa na paka wenu wachanjwe. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100.

Kidonda kupona juu ya ngozi si dalili ya usalama. Tukutane wiki ijayo, inshallah. Kwaherini.