Nyavu, Perege na Gazeti: Serikali Inadhibiti Nini Hasa Inapodhibiti Habari?

Nyumba ya Mungu, kwa asiyepafahamu, ni bwawa lililoko chini ya Milima ya Upare, mahali ambapo maji ya Kikuletwa na Ruvu yanakutana na kuendelea kama mto Pangani. Lilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji, samaki wakazaliana, vijiji vya wavuvi vikaota kandokando. Ofisa uvuvi akifika mwaloni ana mamlaka makubwa. Anapima matundu ya nyavu, anakagua leseni, anachoma kokoro, na uvuvi wenyewe umewahi kusimamishwa ili samaki wapumzike. Ila hawezi kumwamuru perege ataage wapi. Akishatoa amri yake, kinachotokea chini ya maji ni kazi ya maji na samaki wenyewe.

Nalianza na bwawa kwa sababu ndilo lililonisaidia kumwelewa Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani (1927–1998), ambaye darasani alinipita juu kabisa. Anasema jamii ya leo imegawanyika katika mifumo, na kila mfumo una swali lake moja tu. Sheria inauliza: ni halali au si halali? Uchumi: umelipa au hujalipa? Siasa: nani ana madaraka na nani hana? Vyombo vya habari navyo vinauliza: hii ni habari au si habari? Na habari ikishatoka imekwisha, ndiyo maana gazeti la jana linafungia vitumbua. Kila mfumo unasikia kelele za mwenzake, lakini unazielewa kwa lugha yake yenyewe. Hakuna mfumo unaoweza kuingia ndani ya mwingine ukafanya kazi yake.

Sasa tuone hapa kwetu. Juni 2017 gazeti la Mawio lilifungiwa kwa miezi 24 baada ya kuchapisha picha za marais wastaafu Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete katika habari ya mikataba ya madini. Mwaka ule madini yalikuwa gumzo la nchi nzima, kwa hiyo kwa mhariri swali lilikuwa jepesi: ni habari. Siasa ikaangalia ukurasa uleule ikaona heshima ya viongozi na ya dola. Halafu angalia kilichofuata: kufungiwa kwenyewe kukawa habari, ndani na nje ya nchi. Serikali ilitaka jambo linyamaze, mfumo wa habari ukaichukua amri ile ukaisaga kwenye kinu chake, ikatoka kama kichwa cha habari.

Mfano wa Mseto ni mzuri zaidi. Gazeti hilo lilifungiwa Agosti 2016 kwa miaka 3, kwa Sheria ya Magazeti ya 1976. Kesi ikaenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Kazi ya mahakama haikuwa kuuliza nani ameudhika, wala kama stori ilikuwa tamu. Iliuliza kama amri inapatana na Mkataba wa Jumuiya, na Juni 2018 ikasema haipatani. Machi 2019 mahakama hiyohiyo ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 navyo vinakiuka Mkataba. Basi mtu atadhani mambo yaliisha hapo. Wapi! Leseni ya Mseto ilirudi Februari 2022, pamoja na za Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima, kwa tamko la waziri, baada ya upepo wa siasa kubadilika. Sheria ilikuwa imeshajibu swali lake miaka mingi nyuma. Siasa ilikuwa bado inajiuliza la kwake.

Kuna njia nyingine ya kudhibiti, na kwangu hii ndiyo yenye akili zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka ada: kuomba leseni shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na kila mwaka 1,000,000 nyingine. Mwanafunzi anayesubiri boom ili anunue unga ataitoa wapi? Amri ya namna hii haisemi "usiandike". Inaongea lugha ya uchumi, umelipa au hujalipa, na blogu ya mtu mmoja inakufa kimyakimya bila mtu yeyote kuisoma na kuikasirikia. Hakuna hata kichwa cha habari cha kuililia.

Hapa ndipo namshukuru Luhmann na pia nagombana naye. Kwake, mfumo mmoja ukiuingilia mwingine anaita usumbufu tu. Nadharia yake haina watu ndani, ina mawasiliano matupu. Lakini Mawio lilipofungwa kuna mpiga chapa aliyekosa mshahara na muuza magazeti aliyepungukiwa. Usumbufu gani huo wa miezi 24?

Anapoona mbali ni hapa: mfumo ukisumbuliwa mara nyingi unajirekebisha wenyewe. Mhariri hahitaji kupigiwa simu na mtu. Saa nne usiku, gazeti likiwa linakwenda mtamboni, anaitazama stori na badala ya kuuliza "hii ni habari?" anauliza "hii itatufungisha?" Anaiweka kando, anapandisha ya mpira. Hakuna kesi ya kupeleka Arusha, kwa sababu hakuna amri iliyotolewa.

Sisi wa ualimu tunalijua hili. Baraza la Mitihani halijawahi kumwambia mwalimu wa kidato cha nne aruke mada. Anachukua karatasi za miaka kumi iliyopita, anaona mada fulani haitoki, anairuka mwenyewe, na wanafunzi wake wanamaliza shule bila kujua kwamba ilikuwepo.