Shangazi Atiwe Saruji?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji ambaye hukuwa karibu na redio siku ile, wiki hii nataka tuzungumze juu ya saruji. Sina maana ya ile ya mifuko ya kilo 50, ingawa nayo tutaigusa.

Shangazi yangu aliteleza bafuni, akavunjika mfupa wa paja pale juu unapoingia kwenye nyonga. Daktari akatuambia kwamba kichwa cha mfupa kitatolewa, kiwekwe cha chuma, na hicho cha chuma kishikizwe kwa saruji. Shangazi, ambaye nyumba yake aliijenga tofali kwa tofali, akaniita karibu na kitanda akaninong'oneza: "Mwanangu, mimi nimekuwa nguzo ya baraza hata nitiwe saruji?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta, na niliyoyapata ndiyo haya.

Saruji aliyoambiwa shangazi na ile ya kujengea zinafanana jina tu. Ni aina ya plastiki, ndugu ya ile inayotengenezewa meno ya bandia. Aliyeifanya ijulikane duniani ni daktari Mwingereza, John Charnley, aliyeanza kuitumia kwenye nyonga mwaka 1958. Poda na kimiminika huchanganywa ndani ya chumba cha upasuaji. Mwanzoni mchanganyiko huwa kama uji, kisha hufanana na unga wa chapati uliokandwa ukaacha kunata mikononi, na baada ya dakika kama kumi tangu kuchanganywa huwa mgumu kabisa. Nafasi ya daktari ni hapo katikati. Akiwahi mno, unanata kwenye glovu. Akichelewa, hauingii tena. Na chumba kikiwa cha joto huganda upesi zaidi, kwa hiyo katika miji yetu ya pwani kiyoyozi cha chumba cha upasuaji si anasa.

Wengi hudhani saruji hii ni gundi. Sivyo. Hushika kwa kupenya kwenye vitundu vya mfupa na kugandia humo, kama lipu inavyoshika ukuta wenye mikwaruzo. Kwa upande wa nguvu, kiwango cha kimataifa kinataka ihimili kubanwa kwa uzito wa kilo 700 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba. Adui yake ni povu la hewa, maana ufa huanzia kwenye tundu. Ndiyo sababu hospitali nyingi duniani ziliacha kuikoroga kwenye bakuli la wazi, zikaanza kuichanganya ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Hali kadhalika, dawa ya kuua vijidudu huweza kutiwa ndani yake, lakini kwa kipimo; ikizidi, saruji hudhoofika.

Basi kwa mzee kama shangazi, plastiki hii ina faida kubwa: chuma hushikwa siku hiyo hiyo, na mgonjwa huweza kusimamishwa mapema. Mzee aliyevunjika nyonga akilala kitandani wiki nyingi, vidonda vya mgongoni na maradhi ya mapafu humnyemelea.

Lakini plastiki haitageuka mfupa hata ikae miaka hamsini. Sasa mfikirie kijana aliyeanguka na pikipiki, mfupa wake chini ya goti ukabonyea na kuacha pengo ndani. Huyu anahitaji kitu cha kujaza pengo leo, kisha kiupishe mfupa wake mwenyewe kesho. Katika miaka ya 1980, watafiti wawili wa Marekani waliokuwa wakishughulikia meno, Brown na Chow, waligundua kwamba poda mbili za kalsiamu na fosfeti zikichanganywa na maji huganda na kuwa madini yale yale yaliyomo katika mifupa na meno yetu. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliruhusu saruji ya namna hiyo itumiwe kuzibia mapengo ya fuvu la kichwa.

Hapa ndipo nilipomkumbuka fundi wangu. Kila aliyejenga mjini anamjua fundi anayesema, "Mzee, nikiongeza ndoo moja tu ya maji, kazi itakwenda." Kweli itakwenda, zege litamiminika kama uji, lakini maji yaliyozidi yatatoka na kuacha vitundu, na nguzo itakuwa dhaifu. Saruji ya mfupa ina ugonjwa huo huo. Daktari anataka iwe laini ipite kwenye bomba la sindano. Mgonjwa anahitaji iwe na maji machache iwe imara. Ukipunguza maji ovyo, ukisukuma bomba maji hutoka peke yake na poda hubaki imekwama ndani.

Wataalamu wametafuta njia nyingi za kutoka katika mtego huu. Badala ya maji matupu walitumia maji yenye chumvi za fosfeti, na muda wa kuganda ukashuka kutoka kama nusu saa hadi dakika tano hivi. Damu ilipokuwa ikiisambaratisha saruji kabla haijashika, walitia utomvu wa mwani wa kahawia ili ishikamane. Chumvi za asidi ile iliyomo katika ndimu nazo zilisaidia sana: hufanya chembe za poda zisukumane badala ya kushikana, mchanganyiko ukalainika bila kuongezwa maji. Hapo fundi na nguzo wote wameridhika.

Umebaki udhaifu mmoja mkubwa. Saruji hii huvumilia kubanwa, lakini ikivutwa au kupindwa hukatika kama chaki. Wazee wetu walichanganya nyasi kwenye udongo wa ukuta, na watafiti wamefuata njia hiyo hiyo: wamejaribu kutia nyuzi zile zinazoshonea vidonda, ambazo huyeyuka zenyewe mwilini. Mwanzoni nyuzi hushikilia saruji isipasuke, na zikiisha kuyeyuka huacha vijia ambavyo mfupa mpya huweza kupita. Hata hivyo, mpaka leo saruji ya fosfeti ni ya kujazia mapengo. Kazi ya kubeba uzito wa mwili huachiwa vyuma na skrubu mpaka mfupa uunge.

Ndugu msikilizaji, ulaini nao una hatari zake. Kinachopita kwenye sindano huweza pia kupita kwenye mshipa wa damu. Huko Marekani, kati ya mwaka 2003 na 2004, wagonjwa watatu walifia kwenye meza ya upasuaji, katika shughuli ambazo saruji ya fosfeti ilisukumwa ndani ya pingili za uti wa mgongo, kazi ambayo haikuwa imeruhusiwa. Mwaka 2010 kampuni iliyohusika ilikiri kosa la kuijaribu kwa watu bila kibali, na mwaka uliofuata wakubwa wake wanne walihukumiwa kifungo. Saruji nzuri mahali pake ni hatari mahali pasipo pake.

Kwa hiyo ukiambiwa wewe au mzazi wako atatiwa saruji, usikimbie, lakini uliza. Uliza ni ya plastiki au ni ya fosfeti. Uliza itabaki maisha au itaupisha mfupa. Uliza kama imeruhusiwa kwa sehemu hiyo ya mwili, na lini mgonjwa ataruhusiwa kukanyaga. Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo.

Shangazi nilimweleza yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Huyo anayekoroga, anajua kipimo chake cha maji?" Nikamwambia yake haina maji, ina kimiminika kilichopimwa kiwandani, hakuna wa kuongeza ndoo. Akatia sahihi.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.