Kuijaribu Njia Salama ya Kuingia Tovutini

Tovuti nyingi hazimtaki mgeni abuni neno jipya la siri. Humwonyesha kitufe kimoja, naye huingia kwa akaunti aliyo nayo tayari Facebook au Google. Kitufe ni kidogo, lakini nyuma yake ujumbe husafiri mara kadhaa, na ukinaswa njiani mtu mwingine aweza kuingia kwa jina la mwenye akaunti.

Hatari hiyo ilionekana wazi Oktoba 2010, pale Eric Butler wa Marekani alipotoa Firesheep, programu ndogo ya kuongezwa katika kivinjari cha Firefox. Katika mtandao usio na waya ulioachwa wazi, programu hiyo ilinasa vidakuzi, yaani vitambulisho ambavyo tovuti humpa mtu akishaingia. Mnasaji hakuhitaji kujua neno la siri la mtu yeyote. Sababu ni kwamba tovuti nyingi zililificha neno la siri tu, kisha zikaendelea na mazungumzo kwa HTTP, ambayo haifichi kitu. Mwaka 2013 Facebook iliifanya HTTPS, ambayo hufumba kila ujumbe, kuwa njia ya kawaida kwa watumiaji wake wote. Mwaka 2018 ikaanza kuidai pia kwa programu zinazotumia kitufe chake.

Safari ya ujumbe

Kanuni zinazofuatwa sana huitwa OAuth 2.0, zilizochapishwa mwaka 2012. Tovuti humpeleka mgeni Facebook, naye hutoa neno lake la siri huko huko. Kisha hurudishwa akiwa na msimbo wa muda mfupi, ambao tovuti huubadilisha kwa kibali cha kusoma jina lake. Hivyo tovuti hailijui neno la siri kamwe. Anwani ya kurudia haina budi kuandikishwa mapema. Ikianza na "http" badala ya "https", huhesabiwa kuwa anwani nyingine.

Tatizo la mtengenezaji

Tovuti inayotengenezwa hukaa kwanza ndani ya kompyuta ya mtengenezaji, kwa jina la localhost, ambalo kwa kawaida ni anwani 127.0.0.1. HTTPS huhitaji cheti cha utambulisho, lakini mamlaka za vyeti za umma hazitoi cheti cha localhost, kwa kuwa jina hilo si mali ya mtu mmoja. Google huruhusu localhost itumie HTTP wakati wa majaribio. Hata hivyo, lililojaribiwa kwa HTTP silo litakalotumika siku ya kufungua tovuti, na kasoro za vidakuzi au za anwani zaweza kujificha hadi siku hiyo.

Dawa ni mtengenezaji kuwa mamlaka ya vyeti katika kompyuta yake mwenyewe. Programu ya mkcert, iliyoandikwa na Filippo Valsorda, huunda mamlaka hiyo, huiingiza katika orodha ya zinazoaminiwa na kompyuta, kisha hutoa cheti cha localhost. Kivinjari hukikubali bila onyo.

Ufunguo usioazimwa

Mamlaka hiyo ina ufunguo wa siri. Atakayeupata aweza kughushi cheti cha tovuti yoyote, hata ya benki, na kompyuta hiyo ikakiamini. Kwa hiyo ufunguo huo haugawiwi wenzake, wala mtu hapaswi kuingiza mamlaka ya mwingine katika kompyuta yake. Njia ya mkato, yaani kulipuuza onyo la kivinjari kila siku, nayo ina madhara: onyo hilo hufanana na lile linalotolewa tapeli anapojifanya tovuti halali. Aliyezoea kulipita moja hulipita na la pili.

Zoezi moja lafaa darasani. Wanafunzi wafungue tovuti yoyote ya HTTPS, watazame cheti chake, na waandike mambo matatu: kimetolewa kwa jina gani, na mamlaka gani, na kitakwisha lini. Kisha wajadili: kompyuta yao ilijuaje kuiamini mamlaka hiyo?