Meneja wa kliniki ya meno na mgonjwa asiyerudi

Gego likiuma usiku kucha, mgonjwa hufika kliniki kabla mlango haujafunguliwa, akiwa tayari kulipa chochote. Daktari anamchoma ganzi, anafungua jino, anatoa mshipa uliooza, anaweka dawa na kuziba kwa muda. Maumivu yanakwisha. Anapewa miadi ya wiki ijayo ili mzizi uzibwe kabisa, na hapo ndipo wengi wanapopotelea. Jino haliumi tena, nauli ya kutoka Mbagala ni ileile, na ruhusa kazini haipatikani kirahisi. Baada ya miezi kadhaa kizibo cha muda kimetoka, jino limepasuka, na lililokuwa la kutibiwa sasa ni la kung'olewa.

Katika kliniki nyingi hakuna aliyempigia simu mgonjwa huyo, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba hiyo ni kazi yake. Ni kazi ya meneja. Nikitaka kumpima meneja wa kliniki ya meno, naanza na swali hili kabla sijauliza mapato: wagonjwa walioanza matibabu ya mzizi mwezi uliopita, wangapi wamemaliza?

Vijana huniuliza wasome nini ili waingie kwenye kazi hii. Wengi wa mameneja ninaowafahamu Dar es Salaam walianzia mapokezi. Wengine walikuwa wauguzi, wasaidizi wa daktari au wahasibu. Chuo Kikuu cha Mzumbe kinafundisha usimamizi wa mifumo ya afya, na mwenye shahada hiyo anakuja na msingi mzuri wa bajeti, utumishi na sheria. Hata hivyo kliniki ya meno ina mambo yake, na hayo unajifunza ukiwa umesimama karibu na kiti, ukiangalia kinachotoka mdomoni mwa mgonjwa kinakwenda wapi.

Tuseme kliniki ina viti viwili na drili nne. Kuziba jino moja kunachukua nusu saa, kwa hiyo meneja mgeni anaandika miadi minne kila saa. Kwenye daftari inapendeza. Lakini drili iliyotumika inapaswa kuoshwa, kutiwa mafuta na kufungwa kwenye pakiti ndipo iingie kwenye mashine ya mvuke. Kwenye nyuzi joto 134 vijidudu hufa kwa dakika chache tu; ila ukijumlisha kuosha, kupasha moto, kukausha na kupoza, drili ile inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kabla ya kurudi kazini. Maana yake ni kwamba saa moja tangu mfungue, mgonjwa wa tano ameshachomwa ganzi na hakuna drili safi. Foleni imejaa, daktari anaita, na msaidizi anashawishika kuifuta kwa spiriti na kuendelea. Homa ya ini aina ya B hupita kwenye mianya kama hiyo. Msaidizi atalaumiwa, lakini hatari iliingia siku ratiba ilipoandikwa na mtu asiyehesabu drili. Meneja anayejua kazi ama ananunua drili nyingine, ama anapunguza miadi, na anamweleza mwenye kliniki sababu kwa hesabu.

Bima nayo inataka jicho la namna hiyo. Katika nchi nyingi meno huandikwa kwa tarakimu mbili: ya kwanza inataja robo ya kinywa, ya pili nafasi ya jino kuanzia katikati. Gego la kwanza la chini kulia ni 46. Mwenzake wa kushoto ni 36. Daktari aliyechoka akiandika 36 kwenye fomu, na picha ya eksirei ikaonyesha 46, dai linaweza kurudishwa au kukatwa. Dawa imetumika, mishahara inasubiriwa, fedha haiji. Dawa yake ni meneja kupitia fomu jioni ileile, daktari akiwa bado anakumbuka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kadiri wenye kadi watakavyoongezeka, anayejua kusoma fomu hizi hatakosa kazi.

Vibali sitavichambua sana. Mashine ya eksirei inahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa mafaili ya wagonjwa pamoja na zile picha za "kabla na baada" zinazorushwa mitandaoni. Pata ridhaa ya maandishi kwanza.

Kuna jambo moja ninalolipinga kwa nguvu zote: meneja kumwekea daktari idadi ya meno ya kuziba kwa mwezi. Idadi ikipungua tarehe 25, doa dogo lililohitaji kuangaliwa tu linageuka tundu la kuchimbwa, na sehemu ya jino iliyochimbwa haioti tena. Mapato yatafutwe kwa wale walioanza matibabu wakaishia njiani.

Simu ya kumrudisha mgonjwa ina namna yake.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka kliniki ya meno."

"Marahaba mwanangu. Jino mbona limetulia?"

"Limetulia kwa sababu mshipa ulitolewa, mama, lakini juu tumeziba kwa muda tu. Kile kizibo kikitoka, uchafu unaingia mpaka kwenye mzizi. Jumamosi saa mbili asubuhi utaweza?"

Akisita, mara nyingi ni fedha, na anaona haya kusema. Mwambie wewe kwanza kwamba anaweza kulipa kwa awamu. Vizuri zaidi, gharama yote ya jino atajiwe siku ya kwanza, kabla ya ganzi, pamoja na gharama ya kofia ya jino kama itahitajika. Anayeambiwa bei vipandevipande huhisi anachezewa, na mtu wa namna hiyo harudi.

Ukiitwa kwenye usaili wa kazi hii, omba kuonyeshwa daftari la miadi na chumba cha kutakasia vifaa. Hesabu drili. Uliza madai yaliyokataliwa na bima yanawekwa wapi na nani huyafuatilia. Kisha uliza kama utakuwa na mamlaka ya kuahirisha wagonjwa mashine ya mvuke ikiharibika, bila kusubiri ruhusa ya mwenye kliniki aliye safarini. Ukijibiwa hapana, omba mamlaka hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla hujatia saini.