Stelingi hatengenezwi na kipaji peke yake

Wadau, kuna ubishi ambao hauishi kwenye mabanda ya video. Mtu anaangalia muvi, anamwona dada anaigiza mpaka mwili unasisimka, halafu anauliza: hivi huyu mbona hajawa staa mkubwa? Majibu yanayotoka haraka ni mawili tu, ama "hana bahati" ama "hajui kujiuza". Mimi yote mawili siyakubali. Leo nitaeleza kwa kutumia Hollywood, kwa sababu kule mambo mengi yamesemwa hadharani na wahusika wenyewe, siyo tetesi za kijiweni.

Kwanza tuelewane. Mwigizaji mzuri ni kitu kimoja, stelingi ni kitu kingine. Wote tunajua toka utotoni kwamba stelingi hafi. Hafi siyo kwa sababu anajua kupigana kuliko wengine, hafi kwa sababu hadithi yote imejengwa juu yake, akifa yeye muvi imeisha! Kwenye biashara ni hivyo hivyo. Staa ni yule ambaye kampuni inakubali kumwaga mamilioni ya dola kwa sababu jina lake lipo, hadithi inaandikwa imfae yeye, na sura yake ndiyo inajaza bango. Mwenye kipaji tu anakaa nyumbani anasubiri kuitwa. Kwa hiyo swali siyo nani anajua kuigiza. Swali ni nani anaamua hela iwekwe kwa nani.

Mchukue Angela Bassett. Mwaka 1993 alicheza kama Tina Turner kwenye What's Love Got to Do with It, na Laurence Fishburne akawa Ike, yule mume mkorofi. Kama hujaiona itafute, we acha tu. Alishinda Golden Globe na akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Ungetegemea simu zimiminike. Na ni kweli, 1995 alikuwepo kwenye Waiting to Exhale na 1998 akawa stelingi wa How Stella Got Her Groove Back. Lakini angalia nafasi nyingine alizopewa: mke wa Malcolm X, mama yake Notorious B.I.G., mama yake Black Panther. Mke wa mtu, mama wa mtu. Anaigiza vizuri kote, lakini hadithi ni ya mwingine. Alipoteuliwa tena kuwania Oscar ilikuwa 2023, miaka 29 baadaye, na safari hii kama mwigizaji msaidizi. Hakushinda. Januari 2024 wakampa Oscar ya heshima.

Msije mkaniambia ni suala la urembo. Dada yule ana urembo wa kugawa!

Kwa waigizaji weusi jambo hili lina mizizi mirefu. Dorothy Dandridge alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu ya Carmen Jones ya 1954. Mrembo, anaimba, anaigiza. Kilichomkwamisha kilikuwa kimeandikwa kabisa. Hollywood ilikuwa na kanuni za maadili, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, ambazo zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mzungu. Sasa fikiria, stelingi wa kiume karibu wote walikuwa wazungu, na mwigizaji wa kike akipewa nafasi kubwa basi ni ya mapenzi. Huyu dada angependana na nani? Filamu yake iliyofuata ilitoka 1957, miaka mitatu nzima baadaye. Alifariki 1965 akiwa na miaka 42. Mwanamke mweusi wa kwanza kuibeba tuzo ile alikuwa Halle Berry, mwaka 2002.

Lakini msidhani ni rangi tu. Kuna hili lingine ambalo mimi binafsi linaniudhi kuliko yote, kwa sababu halionekani. Mira Sorvino alishinda Oscar 1996 akiwa bado kijana. Ashley Judd naye alikuwa anapanda kwa kasi. Halafu taratibu filamu kubwa zikawapita. Watazamaji tukasema wamechuja. Kumbe! Oktoba 2017 wote wawili walijitokeza kueleza kwamba prodyuza Harvey Weinstein, bosi wa kampuni ya Miramax, aliwasumbua kingono na wao wakamkatalia. Desemba mwaka huo huo dairekta Peter Jackson, yule wa The Lord of the Rings, akasema kwamba miaka ya 1990 alikuwa anawafikiria hao hao wawili kwa filamu zake, ila watu wa Miramax walimwambia ni wasumbufu kazini, awaepuke. Akawaacha. Upande wa Weinstein ulikanusha. Lakini Sorvino aliposoma maneno ya Jackson alisema alilia, maana alikuwa akihisi kuna kitu na hakuwa na uhakika. Karibu miaka ishirini mtu hajui kwa nini simu haiiti! Maneno machache ya pembeni, basi, na hakuna barua wala shahidi.

Umri nao upo. Maggie Gyllenhaal alisimulia mwaka 2015 kwamba akiwa na miaka 37 aliambiwa ni mzee mno kucheza kama mpenzi wa mwanaume wa miaka 55. Sina la kuongeza hapo.

Turudi kwa dada yetu wa Kenya, Lupita Nyong'o. Machi 2014 alichukua Oscar kwa 12 Years a Slave, Afrika Mashariki nzima tukashangilia. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba baada ya pale alitegemea nafasi za stelingi, kumbe akaanza kuletewa nafasi za kuwa mtumwa tena. Alizikataa. Star Wars ya 2015 alikuwemo, lakini kama kiumbe kilichochorwa na kompyuta. Jungle Book ya 2016 ilikuwa sauti tu. (Kuna wanaosema alipenda kupumzisha sura yake, na kweli aliwahi kueleza kwamba alitaka nafasi isiyotegemea mwili. Sawa, ila mwenye Oscar mkononi hapaswi kuwa na uchaguzi wa aina hiyo tu.) Halafu 2019 Jordan Peele akampa Us, stelingi na adui humo humo, yeye mmoja. Filamu ya dola milioni 20 ikaingiza zaidi ya milioni 250. Sasa wale waliokuwa wanasema "watu hawatanunua tiketi" walikuwa wamepima kwa kipimo gani?

Ndiyo maana wengine wameamua kushika fedha na kalamu wenyewe. Viola Davis na mumewe walifungua kampuni yao, JuVee Productions. Wazo la The Woman King, filamu ya wanawake wapiganaji wa Dahomey, aliletewa mwaka 2015. Kuwashawishi wenye hela kulichukua miaka. Ilitoka Septemba 2022, na Viola ndiye stelingi, ana mkuki na panga, miaka 57.

Wadau, kwa hapa nyumbani nani mnaona ana kipaji kuliko hao wanaokaa kwenye makava, na nani anamzuia? Tiririkeni kwenye maoni, ila matusi hapana.