Stima za Mzee wa Kalangalala

Mtu apitaye jioni katika kata yetu ya Kalangalala, hapa mjini Geita, husikia sauti nyingi: makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, pikipiki za abiria, na redio za majirani zinazoshindana. Mimi jioni moja nilisikia mlio wa stima. Nikasimama njiani, maana ziwa li mbali nasi, wala hakuna mtu awezaye kuisikia meli ya Nungwe akiwa hapa. Mlio ukaja tena, mwembamba, kutoka nyuma ya ua wa jirani yangu. Nikabisha hodi, nikaingia.

Nilimkuta mzee ameinama juu ya beseni kubwa la kufulia nguo, na ndani ya beseni stima ya urefu wa dhiraa moja inazunguka, dohani lake linafuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, lakini usisimame upande ule wa boila."

Wasomaji wapenzi, naungama kwamba siku ile nilicheka moyoni. Nilijua kuwa mzee huyu alifanya kazi ya mitambo ya meli ziwani tangu mwaka 1966, akianza kama kijana wa kupaka mafuta katika stima iliyokuwa ikichoma kuni, akaendelea katika meli za dizeli hata alipostaafu. Nilijua pia kuwa wanawe walimleta huku kwetu asikae peke yake Mwanza. Lakini sikudhani kwamba mtu wa miaka 78, aliyewahi kuamrisha mitambo mikubwa kama nyumba, angekaa uani akichezea kidau kama mtoto. Mkewe ndiye aliyenisahihisha. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba miaka miwili ya kwanza baada ya kustaafu mzee alikuwa akiamka saa kumi za usiku, anavaa viatu, anaketi kitandani hata jua litoke, kwa kuwa hapakuwa na zamu ya kwenda. Siku alipookota kipande cha bomba la shaba kwa fundi majokofu, akaanza kukikata, usiku ule alilala.

Basi nikawa mtu wa kwenda pale mara kwa mara, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kuna vyombo vya namna mbili katika nyumba ile. Vya kwanza ni stima anazoziunda mwenyewe. Iliyo rahisi kuliko zote huiita kistima cha mshumaa, nayo haina gurudumu wala pistoni. Ni kibati chembamba kilichofungwa pande zote, chenye mirija miwili inayotoka nyuma chini ya maji. Ukiwasha mshumaa chini ya kibati, maji yaliyomo hugeuka mvuke, mvuke huyasukuma maji ya mirijani nje kwa nguvu. Kisha mvuke hupoa, hurudi kuwa maji, na maji mengine huvutwa ndani. Hufanya hivyo mara nyingi kwa dakika, ukisikia pu-pu-pu-pu. Nilimwuliza kwa nini chombo kisirudi nyuma kila kinapovuta maji. Akajibu kwamba maji yanayotoka huenda upande mmoja tu, kama mshale, lakini yanayoingia hutoka pande zote za mdomo wa mrija, kwa hiyo mvuto wake ni dhaifu. Kistima cha namna hii kiliandikiwa hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1891 na Mfaransa aitwaye Thomas Piot. Fundi yeyote wa kutengeneza koroboi aweza kukiunda.

Stima kubwa ni jambo jingine. Ile niliyoiona beseni ina boila ya shaba nyekundu, silinda moja inayotikisika huku na huku, na kwa kutikisika huko hujifungulia na kujifungia yenyewe matundu ya mvuke. Pistoni huzungusha mtaimbo, na mtaimbo huzungusha rafadha chini ya tezi. Moto ni wa spiriti.

Hapa sharti nisimulie kosa langu. Nilipokwisha kuona kazi ile mara tatu nne, nilijiona fundi. Nikachukua kopo nyumbani kwangu, nikaliziba kwa lehemu ya fundi redio, nikaacha tundu dogo la mrija, nikaliweka juu ya jiko la mkaa. Mrija ukaziba kwa takataka. Kopo likapasuka kwa kishindo, maji ya moto yakaniunguza mkono hata kiwikoni, na binti yangu mdogo alikuwa ametoka jikoni punde hivi. Sikulala usiku ule, wala si kwa maumivu.

Mzee hakunicheka. Alinikalisha akanieleza yale niliyopaswa kuyauliza kwanza. Kikombe kimoja cha maji kikigeuka mvuke hutaka nafasi ya vikombe zaidi ya 1,600. Kisipopata njia, hujitengenezea. Lehemu ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na boila ikikaukiwa maji juu ya moto hufika huko upesi. Kwa hiyo boila zake huunganishwa kwa lehemu ya fedha, ambayo haiyeyuki mpaka moto upite nyuzi 600. Na kazi hiyo humpelekea sonara mjini, mwenye moto na mkono wa kuifanya. Kila boila ina vali ya usalama yenye springi, ifungukayo yenyewe mvuke unapozidi. Tena kabla boila haijaona moto hata mara moja, huijaza maji baridi pomoni, asibakize hewa, akaisukuma kwa pampu hata ifike mara mbili ya nguvu itakayotumika. Ikiwa ina udhaifu, maji baridi yatavuja tu. Kwa hewa au mvuke ingelipuka. Nawasihi walimu wenzangu watakaotaka kuwaonyesha wanafunzi nguvu ya mvuke wasisahau neno hili, na mtoto asiachwe peke yake na kopo lililozibwa.

Vyombo vya namna ya pili hakuviunda yeye, bali huvikusanya. Vimepangwa juu ya rafu sebuleni, 23 kwa hesabu yangu, na wageni wengine hudhani ni takataka zinazongoja kuchomwa. Kuna mtumbwi uliochongwa kwa kandambili nyekundu, tanga lake mfuko wa plastiki. Naye husema, "Huu ni wa kabla ya Juni 2019," maana ndipo mifuko ile ilipopigwa marufuku nchini. Kuna mashua ya bati la debe, iliyokula kutu, ambayo hata yeye hajui umri wake. Kuna kivuko cha ubao alichokichonga mtoto mmoja wa Busisi, chenye magari ya udongo juu yake. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, watoto wa pale hawatachonga tena kivuko kile kwa kukitazama. Kuna na ngalawa ndogo ya Unguja, zawadi ya mkwewe, yenye matengo yake mawili. Hiyo ndiyo aipendayo. Alinifundisha kwamba chombo kisicho na nahodha lazima kijiongoze kwa mpango wa tanga: tanga likikaa mbele mno, chombo huukimbia upepo, likikaa nyuma mno, huugeukia upepo kikasimama. Husogeza mlingoti kwa upana wa ukucha, kisha hujaribu tena, asubuhi nzima.

Nchi za Ulaya wazee wengi wana mazoea haya. Mjini London watu wameshindanisha vyombo vidogo vya matanga katika ziwa la bustani ya Kensington tangu karne ya kumi na tisa. Lakini asidhani mtu kwamba ni mambo ya wageni tu. Pwani yetu palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, chenye tanga la mkeka. Mitepe imetoweka tangu karne iliyopita. Sehemu ya yale tunayoyajua juu ya umbo lake tumeyapata kwa sababu watu waliunda mitepe midogo na wengine wakaihifadhi. Mwaka 2003 mafundi wa Unguja walipounda mtepe mzima wa kuwekwa katika Nyumba ya Maajabu, hapakuwa na hata mmoja ulio hai wa kuutazama.

Tatizo la mzee ni maji. Vijana humshauri apeleke stima zake kwenye mashimo ya wachimbaji yaliyojaa mvua, yaliyo karibu. Hakubali kamwe. Mashimo yale yana kingo zinazobomoka, na palipooshwa dhahabu huenda pana zebaki. Asema hawezi kuwazoesha wajukuu kupapenda mahali pa kufia. Hutembea mpaka lambo la ng'ombe, mwendo wa saa nzima, mjukuu wake amebeba stima kichwani.

Kubebwa huko kichwani humfurahisha mno, kwa sababu ndivyo stima zilivyofika kwetu. William Mackinnon, stima ya kwanza ya serikali katika ziwa letu, iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa vipande vipande, na mizigo mingi ikachukuliwa na wapagazi. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla reli haijafika huko Desemba 1901. Ile ya Ziwa Tanganyika, ambayo leo ni Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafungwa katika makreti yapata 5,000. Iliingia majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito. Ikaopolewa, ikaanza kazi tena mwaka 1927. Mzee hulitaja jambo la grisi kana kwamba aliipaka yeye.

Naye Mackay, mmisionari aliyekuwa mhandisi, alipofika pwani ya kusini ya ziwa mwaka 1878, alikuta vyuma vya mtambo wa mvuke vimelundikwa ovyo baada ya safari ndefu ya wapagazi kutoka baharini. Akavichambua, akavipanga, na aliandika kwamba haikukosekana hata skrubu moja. Miaka yake ya mwisho alikaa Usambiro, huku kusini mwa ziwa, na Stanley alipopita mwaka 1889 aliwakuta wahunzi wake wakitengeneza boila ya mashua. Mackay alifariki kwa homa tarehe 8 Februari 1890.

Sasa macho ya mzee yameingiwa na ukungu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, na siku ya kupasuliwa imepangwa. Hana hakika, kwa hiyo stima anayoiunda sasa ameigawanya katika vipande 64, kila kimoja kimepigwa namba kwa ncha ya msumari, na daftari la shule linaeleza kipi huingia katika kipi. Mjukuu ana miaka kumi na mmoja. Jumamosi iliyopita alipewa sanduku zima, akaambiwa aiunge peke yake, na babu yake akaketi kando amefumba macho, akisikiliza.

Ilipofika jioni vyote vilikuwa mahali pake ila namba 37, kijipini cha pistoni, kidogo kama punje ya mtama. Tulifagia ua, tukapepeta vumbi kwa ungo, mimi na mkewe na watoto watatu wa jirani. Nilipoondoka taa zilikuwa zimewashwa, na mtoto alikuwa bado yuko magotini karibu na banda la kuku, ameshika tochi.